Feza ya zahabu inajenga nyumba Kasongo na Salamabila, lakini nani atazilipa kesho?

Mwaka 2025 bei ya zahabu ilipanda sana. Mwezi wa kumi, onsi moja, ni kusema gramu 31 hivi, ilipita dola 4 000 kwenye soko la dunia. Mchimbaji wa Salamabila hapokei bei hiyo, kila mtu anajua. Kati yake na soko la dunia kuna wanunuzi wa hatua kwa hatua, kuna barabara, kuna vizuizi, kuna na mizani. Ila hata kipande kidogo kinachobaki huku kwetu kinaonekana. Kinaonekana kwenye tanuru za matofali, kwenye mabati mapya, na kwenye parseli zinazouzwa mara mbili kwa mwaka mmoja.

Wakaaji wengi wa teritware za Kasongo na Kabambare wakipata feza kidogo wanawaza jambo moja: kujenga nyumba ya kupangisha. Wako na sababu. Benki ziko mbali. Mbuzi na ngombe wanachukuliwa wakati wa machafuko. Duka linaweza kuibwa usiku mmoja. Tena mwaka huo huo wa 2025, Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili, na benki za miji hiyo miwili zikafunga milango. Watu waliokuwa na feza zao ndani wakabaki na kadi mkononi bila fasi ya kutoa. Tangu hapo maneno yanasikika kila mahali: heri ukuta, ukuta haukimbii.

Maneno hayo ni kweli nusu. Ukuta haukimbii, lakini mpangaji anakimbia. Na si ukuta unaoleta feza kila mwezi, ni mpangaji. Njo maana swali la kwanza la kujiuliza si matofali mangapi, ni hili: huyu mtu atakayelipa nyumba yangu, feza yake inatoka wapi, na itaendelea kutoka kwa muda gani?

Funzo la Namoya

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Mgodi wa Namoya, pale Salamabila katika teritware ya Kabambare, uliendeshwa na kampuni Banro ya Kanada. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwanzoni mwa 2016. Miaka ile, Salamabila ilikuwa fasi ya kukimbilia. Walikuja mafundi wa mitambo, madereva, walinzi, wapishi, wafanyakazi wa kampuni ndogo zilizopewa kazi na kampuni kubwa. Nyuma yao wakaja wauza chakula, wauza nguo, washonaji, wenye kuchaji simu. Kila mmoja alihitaji chumba cha kulala.

Mwezi wa tisa 2019 Banro ilisimamisha kazi Namoya, baada ya miezi mingi ya usalama mbaya na mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai Malaika. Baadaye mgodi ulipita mikononi mwa kampuni nyingine. Hapa tusiangalie kampuni, tuangalie nyumba. Mshahara wa mlinzi mmoja ukikatika, si chumba kimoja tu kinabaki wazi. Mama aliyekuwa anamuuzia chakula naye anakosa malipo ya nyumba. Dereva wa pikipiki aliyekuwa anawapeleka wote wawili naye anahama. Wapangaji wanaondoka karibu kwa mara moja, na wenye nyumba wanaobaki wanashusha bei wakishindania wachache waliobaki. Nyumba isiyo na mtu haikai vile ilivyoachwa: mchwa wanaingia kwenye milango, mvua inakula ukuta wa matofali mabichi, na mabati yanaweza kung'olewa.

Kasongo iko na mfano wake mwingine, wa mashirika ya kiutu. Shirika linakodi nyumba kubwa kwa ofisi na nyingine kwa kulaza wageni. Linalipa kwa dola, linalipa vizuri, linaomba tanki la maji, ukuta na lango la chuma. Lakini mradi unakuwa wa miezi 12 au 24. Mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwezi wa saba shirika lake la USAID likafungwa. Miradi mingi ya mashariki mwa Kongo iliguswa. Wafanyakazi walipunguzwa, ofisi zikafungwa. Mwenye nyumba aliyekopa ili kuongeza vyumba na jenereta juu ya mpangaji wa namna hiyo, anabaki na deni na lango zuri.

Basi tuseme wapangaji wa huku kwetu ni wa aina tatu. Kuna wa zahabu, kuna wa mradi, na kuna wa muji. Wa zahabu na wa mradi wanalipa mingi lakini wanaondoka kwa ghafla. Wa muji, sawa vile mwalimu, muuguzi, mwanafunzi wa chuo, karani wa tribinali, mchuuzi wa sokoni, wanalipa kidogo na mara nyingine wanachelewa. Lakini mwaka kesho bado wako. Kwa upande huo Kasongo iko na nguvu ambayo Salamabila haina. Ni muji wa tangu karne ya 19, wakati wa Tippu Tip. Iko na jimbo la Kanisa Katoliki, iko na masomo, na hospitali yake ilijulikana katika dunia ya utabibu tangu miaka ya 1970 juu ya mradi wa afya uliokuja kuwa mfano wa zone za afya katika inchi nzima. Kazi hizo hazifungi siku bei ya zahabu inashuka.

Hesabu kabla ya tofali la kwanza

Tuchukue mfano, ni wa kuhesabia tu. Kila mtu aweke bei za kwake. Papa mmoja anajenga nyumba ya vyumba viwili na saloni kwa dola 6 000, anataka kuipangisha dola 50 kwa mwezi. Anahesabu hivi: 50 mara 12 ni 600 kwa mwaka, kwa hiyo miaka 10 feza yote imerudi. Hesabu hiyo iko na kosa. Haina mwezi hata mmoja wa nyumba kubaki wazi, haina bati la kubadilisha, haina kodi ya serikali.

Tuhesabu upya. Nyumba inabaki wazi miezi 3 kwa mwaka: zinabaki dola 450. Matengenezo dola 70, kodi na karatasi dola 40. Zinabaki 340. Sasa ile 6 000 itarudi baada ya miaka 17 na nusu. Kama ilijengwa Salamabila juu ya wapangaji wa mgodi, tujiulize ni mara ngapi kwa miaka 17 mgodi unaweza kusimama.

Mama mwingine anajenga vyumba 5 kwa mstari mmoja, vya mtu mmoja mmoja, na choo na bafu vya pamoja, kwa dola 4 000. Kila chumba dola 15. Tuseme chumba kimoja kiko wazi sikuzote: vyumba 4 vinaleta dola 60 kwa mwezi, 720 kwa mwaka. Matengenezo ni mengi zaidi, dola 150, juu ya watu wengi wanaotumia choo kimoja. Kodi na karatasi dola 60. Zinabaki 510. Feza inarudi karibu kwa miaka 8. Tena mpangaji mmoja akikosa kulipa, wengine wanaendelea kulipa.

Hatusemi kila mtu ajenge vyumba vidogo. Tunasema nyumba nzuri kwa macho na nyumba inayorudisha feza si lazima iwe nyumba moja. Simenti na mabati vinafika hapa kwa bei kali, kwani reli ya SNCC inayofika Kindu haipiti Kasongo, na barabara za kutoka upande wa Kivu zinaharibika kila msimu wa mvua. Kila kitu cha dukani unachoongeza kwenye nyumba, mpangaji wa muji hataweza kukulipa. Tofali la kuchoma la hapa hapa, msingi uliopanda juu ya maji ya mvua, bati lililopigwa vizuri, choo kinachofungwa na maji ya karibu: hivyo ndivyo mpangaji wa kawaida anatafuta.

Parseli: unanunua udongo au unanunua kesi?

Wengi wanapoteza nyumba zao si kwa vita wala kwa mvua, ni kwa karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ardhi yote ya Kongo ni mali ya serikali. Mtu anapata haki ya kuitumia. Mkongomani anaweza kupata haki ya kudumu, na kinachohakikisha haki hiyo ni setifika ya uandikishaji inayotolewa na konsevateri wa tituru za ardhi. Karatasi ya kununua iliyosainiwa na shahidi wawili, karatasi ya shefu wa kijiji, fishi ya parseli: zote zinasaidia kuonyesha historia, lakini hazina nguvu ya setifika. Na setifika yenyewe, ikipita miaka miwili bila mtu kuipinga kwa njia ya sheria, haiwezi tena kushambuliwa.

Shida ya kwetu inajulikana. Sheria hiyo ilisema haki za watu juu ya ardhi wanazokaa kwa desturi zingepangwa na ordonansi ya rais. Ordonansi hiyo haikutoka. Kwa hiyo nje ya katikati ya muji, shefu wa desturi anaendelea kugawa, serikali nayo inaendelea kuandikisha, na mnunuzi anabaki katikati. Upande wa Salamabila kuna na jambo la tatu: haki za kuchimba. Fasi iliyo ndani ya eneo la kampuni inaweza kudaiwa siku moja kwa ajili ya mgodi. Kodi ya madini inataka watu walipwe fidia, lakini anayejenga bila karatasi atakuwa na shida kuonyesha alikuwa na nini.

Kabla ya kutoa feza, fanya mambo haya. Ulizia majirani wa pande zote nne, bila muuzaji kuwapo. Nenda kwa shefu wa kartie au wa kijiji, umuulize kama parseli hiyo haijauzwa tayari. Nenda kadasta, uone kama fasi hiyo iko na namba. Kisha uliza bibi ya muuzaji yuko wapi. Kodi ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka makubaliano ya bibi na bwana wakati wa kuuza nyumba au parseli ya jamaa. Bwana akisaini peke yake, mama anaweza kufika tribinali kesho, na sheria itakuwa upande wake. Kama muuzaji amerithi, tafuta ndugu zake wote: mrithi mmoja hawezi kuuza mali ya wote.

Jambo hilo linagusa na nyumba unayojenga wewe. Mtu akifariki bila kuacha wasia, kodi ya familia inapatia watoto robo tatu za uriti, na robo moja inayobaki ni ya mjane, wazazi, na ndugu. Mara ngapi tumeona wakwe wanafika siku ya matanga na kuanza kupokea malipo ya nyumba, watoto wakibaki bila kitu? Papa, mama, andikeni majina yenu wawili kwenye karatasi wakati mko wazima.

Kontra na garanti

Inchi yetu iko na sheria ya kupangisha: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015. Jambo kubwa ndani yake linalogusa kila mtu ni garanti: kwa nyumba ya kukaa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuomba zaidi ya miezi mitatu. Hii si sheria ya Kinshasa peke yake, ni ya inchi nzima. Mwalimu anayeombwa miezi sita anaombwa kitu ambacho sheria inakataza.

Mwenye nyumba naye asikie: garanti si mali yako. Ni feza ya mpangaji uliyoishika tu. Siku anatoka, unaangalia pamoja naye kilichoharibika na deni lililobaki, unakata hicho, unamrudishia kinachobaki. Wengi wanajenga chumba cha pili kwa garanti ya chumba cha kwanza, kisha siku ya kutoka wanatafuta garanti ya mpangaji mpya ili kumlipa wa zamani. Hapo ndipo kelele zinaanza, na mara nyingi zinaishia kwa polisi. Lakini deni la nyumba ni jambo la tribinali, si la kufunga mtu. Kung'oa mlango, kutupa vyombo inje au kuleta askari kumtoa mpangaji bila hukumu kunaweza kumgeuza mwenye haki kuwa mwenye makosa. Anzeni kwa shefu wa kartie na kwa huduma ya makazi. Wakishindwa kuwapatanisha, nendeni tribinali.

Kontra iandikwe hata kama mpangaji ni ndugu. Karatasi mbili, saini mbili, kila mmoja abaki na yake. Iseme majina, parseli, vyumba vingapi, bei, tarehe ya kulipa, garanti, nani anatengeneza nini, na mtu akitaka kutoka au kumtoa mwenzake ajulishe miezi mingapi mbele. Siku ya kuingia, tembeeni pamoja ndani ya nyumba na mwandike kila kitu: kioo, kufuli, mlango, hali ya ukuta.

Tena iseme franka au dola. Mwaka 2025 umetufundisha. Franka ya Kongo, iliyokuwa karibu 2 800 kwa dola moja, ilipanda nguvu kwa haraka katika miezi ya mwisho ya mwaka, dola ikashuka chini ya 2 500. Aliyepatana dola 20 na analipa kwa franka, alipe kwa bei gani ya dola, ya siku ya kusaini au ya siku ya kulipa? Mstari mmoja kwenye kontra unatosha kumaliza ugomvi huo.

Kusimamia, si kusubiri tarehe

Shika daftari moja kwa nyumba moja. Kila malipo yapate risiti. Ukilipwa kwa simu, M-Pesa au Airtel Money, usifute ujumbe: ni ushahidi kwa ninyi wote wawili. Kila mwaka weka pembeni malipo ya mwezi mmoja kwa ajili ya matengenezo, na kagua paa kabla ya mvua, si baada. Kama unakaa Kindu au mbali zaidi, mpe mtu wa kukusimamia prokirasyo ya maandishi yenye mipaka: anaweza kupokea malipo na kutengeneza, hawezi kuuza. Komisyonere anayekuletea mpangaji, mpatane naye mapema nani anamlipa, na garanti isipite mikononi mwake.

Kodi ya serikali nayo ipo. Katiba ya 2006 iliweka kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha kati ya kodi za majimbo. Kampuni au shirika likikupangia, kwa kawaida linakata sehemu hiyo kabla ya kukulipa, na linapaswa kukupa karatasi ya kuonyesha limelipa. Uliza jambo hilo kabla ya kusaini, ili bei mnayosema iwe ile utakayopokea kweli. Na kila unayemlipa kwa jina la serikali, mdai risiti.

Kuna na upande wa viongozi. Mtu wa Kabambare au wa Salamabila hawezi kuacha kazi siku nyingi na kulipa njia ndefu kwa kufuata karatasi ya parseli ya dola chache. Kama jimbo linataka kodi ya nyumba, lilete kwanza huduma ya ardhi karibu na watu: wapimaji wanaotembea teritware kwa teritware, na bei zilizobandikwa ukutani. Mwenye nyumba asiye na karatasi anaogopa kusema ana wapangaji, kwa hiyo halipi kodi; na mpangaji wake, bila kontra, anaweza kutolewa usiku mmoja. Woga huo unawafunga wote wawili, na serikali nayo inapoteza.

Bei ya zahabu itashuka siku moja, au barabara itafungwa, au kampuni itasimama tena. Anayetaka kujenga mwaka huu ajiulize leo, kabla hajachoma tanuru: karatasi ya parseli iko kwa jina la nani, na kama wachimbaji wote wangeondoka mwezi kesho, mwalimu wa masomo ya pale karibu angeweza kulipa chumba hiki? Kama jibu la pili ni hapana, bado kuna wakati wa kupunguza ramani.